Mbwa mwitu wa dogo: yupi ni yupi, na visukuku vinasemaje

Nilikuwa kimya wiki mbili. Sikuwa naumwa, nilikuwa na kesi nyumbani. Mdogo wangu yuko darasa la tano hapa Karatu, na darasani kwao walipewa kazi mradi: kila mtoto achague mnyama mmoja wa porini, aeleze anaishi wapi, anakula nini, na mababu zake wa kale wanajulikanaje kwa visukuku. Yeye akachagua mbwa mwitu. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda intaneti kafe, kazi ikaangukia kwangu.

Kusema ukweli niliifanya kama mtu anayegombania daladala. Niliandika jina kwenye kompyuta, ikaja picha kali ile mbaya: mnyama wa kijivu, macho ya njano, kakaa juu ya theluji anaulilia mwezi. Nikaprinti kwa rangi, dogo akaibandika kwenye manila, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Mbwa mwitu anapatikana Serengeti." Siku mbili baadaye manila ikarudi nyumbani. Nne ya kumi, na kwa kalamu nyekundu mwalimu kauliza: "Serengeti kuna theluji?"

Dogo hakulia. Aliniangalia tu akasema, "Kaka, umeniponza." Bora angelia. Darasa zima lilikuwa limemcheka, na mtaani mimi ndo naitwa mtaalamu wa kompyuta. Ila mwalimu ni muungwana, alimpa wiki moja arudie. Basi safari hii nikasoma kweli kweli, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyaandika yote hapa ili mwenye mdogo wake, mtoto wake au mjukuu asije akaumbuka kama sisi.

Kosa letu lilianzia kwenye jina. Kiswahili kina jina moja kwa wanyama wawili ambao hata sura hawafanani. Mbwa mwitu wa huku kwetu ni yule mwenye mabaka meusi, ya njano na meupe, miguu mirefu, na masikio makubwa ya duara kama sahani. Wataalamu wanamwita Lycaon pictus. Ila waliotafsiri vitabu vya dini walihitaji jina la yule mla kondoo wa Mashariki ya Kati, wakachukua hilo hilo. Ukisoma Biblia ya Kiswahili, au kile kisa cha Nabii Yusuf na ndugu zake, mbwa mwitu anayetajwa pale siye wa Serengeti. Ni Canis lupus, wa kijivu, yule wa kwenye picha yangu. Halafu hata theluji si lazima kwake. Anaishi Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, lakini wapo pia wa jangwani, na wenzetu walioko Oman wanao milimani kule, wadogo wadogo na manyoya mafupi.

Sasa cha kuchekesha ni hiki. Huyo wa kijivu ndiye aliyezaa ukoo wa mbwa wetu wa nyumbani. Mbwa wetu Tomi, anayelala chini ya gari bovu la jirani, ni ndugu wa karibu wa yule wa theluji. Mbwa mwitu wa Serengeti kwake ni binamu wa mbali, na hawazai pamoja.

Nikae kidogo kwa huyu wa kwetu maana dogo alimpenda sana alipomjua. Kila mmoja ana mabaka yake, hakuna wawili wanaolingana, kwa hiyo watafiti wanawatambua kwa picha kama wewe unavyomtambua mtu kwa sura. Wanawinda kwa kundi, na mawindo yakianguka wakubwa wanawaachia watoto watangulie kula. (Dogo aliposikia hapo alimtazama mama kwa jicho fulani.) Halafu mwaka 2017 watafiti waliokuwa Botswana, kwenye delta ya Okavango, walitangaza jambo la ajabu: kundi likiwa limepumzika, kabla ya kuondoka kuwinda wanapiga chafya, na chafya zikiwa nyingi ndo safari inaanza. Kama kura vile. Mkubwa wa kundi akianza yeye, zinatosha chafya chache. Akianza mdogo, zinatakiwa nyingi zaidi. Siasa zipo kila mahali, wadau.

Wamebaki wachache. Makadirio ya shirika la uhifadhi la IUCN ya mwaka 2012 yalitaja kama 6,600 Afrika nzima. Ndani ya hifadhi ya Serengeti makundi yalitoweka mwaka 1991, na kichaa cha mbwa kimetajwa kuwa mojawapo ya sababu. Wengine walibaki upande wa Loliondo, na kuanzia 2012 makundi yalichukuliwa kutoka huko yakarudishwa Serengeti. Kwa hiyo ile sentensi ya dogo ilikuwa sahihi jamani! Picha ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Ningeishia hapo angepata alama zake na maisha yangeendelea. Ila usiku mmoja nikasoma kitu kilichonifanya niongeze saa moja nyingine kwenye kafe wakati mfukoni nina nauli tu.

Mnamjua bweha. Anayeishi huku Karatu, Ngorongoro au Ndutu ameshamwona akikatiza barabara. Huku wapo wa aina tatu: mwenye mgongo mweusi, mwenye mstari ubavuni, na yule wa rangi ya dhahabu anayependa mbuga za wazi. Huyo wa dhahabu kwa miaka mingi vitabu vilisema ni mnyama mmoja na bweha wa dhahabu wa India, Uarabuni na Ulaya ya kusini mashariki. Sura ile ile, rangi ile ile, ukubwa unakaribiana. Mwaka 2011 watafiti wakaanza kutia shaka baada ya kupima vinasaba vya wanyama wa Misri na Ethiopia. Mwaka 2015 ikatoka kazi kubwa zaidi iliyowalinganisha wa Afrika na wale wa Ulaya na Asia. Ile DNA, ile ile mnayoisikia kwenye kesi za mtoto ni wa nani, ikasema hawa si ndugu wa tumbo moja. Yule wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na bweha wa Asia, na koo hizo zilitengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita.

Kwa hiyo leo anaitwa mbwa mwitu wa dhahabu wa Afrika, na mwaka 2019 wataalamu wa IUCN wa jamii ya mbwa walipendekeza jina la kisayansi Canis lupaster. Anapatikana kuanzia Senegal na Misri hadi hapa kaskazini mwa Tanzania. Kazi nyingine ya mwaka 2018 ikaongeza utamu: vinasaba vyake ni mchanganyiko, kama asilimia 72 upande wa mbwa mwitu wa kijivu na 28 upande wa mbwa mwitu wa Ethiopia.

Mnaelewa maana yake? Mwalimu aliuliza kama Serengeti kuna theluji. Theluji hakuna. Ila ndugu wa karibu wa yule wa theluji yupo, anakula panya na watoto wa swala, na tumekuwa tukimwita bweha siku zote! Anaanzia kilo saba hivi, akinenepa sana anafika kama 15, ndo maana hakuna aliyemshtukia.

Wa Ethiopia nimtaje haraka. Ni mwekundu kama mbweha wa vitabuni, anaishi milimani juu ya mita 3,000, wengi wako milima ya Bale, anakula panya fuko, na waliokomaa hawafiki 500. Anayemmaliza ni kichaa cha mbwa, anachoambukizwa na mbwa wa wafugaji. Ukiona watu wanapita kijijini kuchanja mbwa bure, mpeleke wa kwako.

Haya, sasa visukuku, maana hapo ndipo dogo alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Visukuku ni mifupa ya zamani." Si kosa, ila ni kama kusema ugali ni unga.

Mnyama akifa porini kwa kawaida habaki kitu. Fisi wanatafuna mifupa, jua linaipasua, mvua inamalizia. Ili apatikane kisukuku lazima afunikwe mapema, kwa tope la ziwa, mchanga wa mto au majivu ya volkano. Akishafunikwa, maji yanapenya taratibu yakiwa na madini, madini yanajaza vitundu vya mfupa, na baada ya muda mrefu mno unabaki na kitu chenye umbo la mfupa lakini kizito na kigumu kama jiwe. Na si lazima kiwe mfupa. Alama ya mguu nayo ni kisukuku. Laetoli, kusini mwa Oldupai, mlima wa volkano ulimwaga majivu kama miaka milioni 3.66 iliyopita, mvua ikayalowesha, wanyama wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika juu. Nyayo hizo zilionekana mwaka 1976 kwa namna ya kijinga kabisa: watafiti walikuwa wanarushiana mavi ya tembo yaliyokauka kama mchezo, mmoja wao, Andrew Hill, akainama kukwepa, na pale chini akaona alama za wanyama kwenye jiwe. Nyayo za zamadamu waliotembea kwa miguu miwili zilifuata, zikafukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978. Dogo aliniuliza kama na wao walipewa kazi mradi.

Visukuku vya jamii ya mbwa ni vichache ukilinganisha na vya swala, na sababu ni ile ile ya mbugani leo: wanaoliwa ni wengi kuliko wanaokula. Ila vipo, na hadithi yake inaanzia mbali. Ukoo mzima wa mbwa ulitokea Amerika Kaskazini kama miaka milioni 40 iliyopita. Walikaa huko muda mrefu sana kabla ya kuvuka kuja upande huu, kupitia nchi kavu iliyounganisha Alaska na Siberia wakati bahari ilipokuwa imeshuka. Afrika wanaonekana kwenye mawe ya miaka kama milioni sita. Kenya, kwenye vilima vya Tugen kule Baringo, kumepatikana mabaki ya mbwa mdogo wa kale aitwaye Eucyon. Turkana kuna mabaki ya jamii ya Canis yenyewe, miaka kama milioni tatu na nusu. Laetoli nayo imetoa mifupa ya jamaa hawa. Na Oldupai, Mjerumani Hans Reck alifukua mwaka 1913, mifupa ikasafirishwa Berlin, na mwaka 1928 mbwa mmoja mkubwa wa huko akapewa jina Canis africanus. Umri wake unakaribiana na ule wa Zinjanthropus, fuvu alilolikuta Mary Leakey mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75. Kwa hiyo zamadamu wa Oldupai walikuwa na majirani wa aina hiyo. Nikimwambia dogo hivyo anafunga mlango mapema.

Kuna kitu kimoja cha vidole nilikipenda. Mbwa wa nyumbani ana vidole vitano mguu wa mbele, kile cha tano kipo juu kidogo ndani ya mguu, hakigusi chini. Mbwa mwitu wetu ana vinne tu. Alikipoteza lini? Mwaka 2010 watafiti walitangaza mbwa mwitu wa kale wa karibu miaka milioni mbili, Lycaon sekowei. Meno yake tayari ni ya mla nyama mkali, ila mfupa wa kile kidole bado upo. Yaani mdomo ulitangulia kubadilika, mguu ukafuata.

Nikajiona mjanja. Nikamwambia dogo tutengeneze kisukuku chetu tupeleke shule. Tulichukua tope la mfereji, tukalisawazisha kwenye kifuniko cha ndoo, tukamkanyagisha Tomi, tukamwagia unga wa jipsamu uliokorogwa na maji, ule wa mafundi dari, tukausubiri mpaka ukakauka. Ikatoka alama safi kabisa! Nikaanza kumwonyesha: hesabu vidole, utaona vitano. Akahesabu. Vinne. Kile cha tano si kinakaa juu, kitagusaje tope? Kwa alama ya mguu peke yake Tomi na mbwa mwitu wote wana vinne. Nilinyamaza kama dakika nzima.

Ila ndo kitu kinachowasumbua hata wenye maabara. Sura inadanganya. Tumeona kwa bweha wa dhahabu, na kwa visukuku ni hivyo hivyo. Pale Los Angeles, Marekani, kuna mahali panaitwa La Brea, ambapo lami inatoka ardhini yenyewe. Enzi za barafu mnyama alikuwa akinasa kwenye lami, wala nyama wanakuja kumla, nao wananasa. Kwa mtindo huo pametoka mifupa ya zaidi ya mbwa mwitu wa kale 4,000 wa aina moja, wakubwa kuliko wa kijivu. Mmewaona kwenye Game of Thrones, ingawa pale walikuzwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila aliyeangalia mifupa yao alisema hawa ni ndugu wa damu wa mbwa mwitu wa kijivu. Mwaka 2021 vinasaba vilitolewa kwenye mifupa michache iliyohifadhika vizuri, na jibu likawa tofauti kabisa: koo hizi zilitengana kama miaka milioni 5.7 iliyopita, na hakuna dalili kwamba zilichanganyika. Jina likabadilishwa, siku hizi ni Aenocyon dirus.

Hapo ndipo pa kuwa makini na mnachokutana nacho mtandaoni. Aprili 2025 kampuni ya Kimarekani, Colossal, ilitangaza imewarudisha mbwa mwitu hao duniani, ikaonyesha watoto weupe wazuri, Romulus, Remus na Khaleesi. Picha zile zimesambaa kila kona, na dogo alitaka niprinti moja. Walichofanya ni kuchukua chembe za mbwa mwitu wa kijivu na kubadilisha sehemu 20 kwenye jeni 14 ili watoto watoke weupe na wakubwa. Kazi kubwa, siibezi. Ila wataalamu wa IUCN walitoa tamko kwamba hao si mbwa mwitu wa kale, na mimi nakubaliana nao. Ukimpaka punda rangi umepata punda mwenye mistari. Safari hii sikuprinti.

Mambo mawili ya vitendo kwa wanaotaka kufanya kazi kama hii. Kwanza, kwa hapa Tanzania ukiokota kitu unachohisi ni kisukuku, kiache pale pale, piga picha, toa taarifa kwa wahusika. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na zaidi ya sheria, kikitolewa mahali pake hakuna anayeweza kusema kina umri gani, kwa sababu umri unapimwa kwenye tabaka za majivu kilipolala. Pili, mkiweza kuwapeleka watoto Oldupai wapelekeni. Jumba la makumbusho lililofunguliwa 2017 lina mfano wa nyayo za Laetoli, na mtoto akiuona hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mnataka kujua yaliyotokea shuleni. Manila mpya ilikuwa na picha tatu, wa mabaka, wa kijivu na wa dhahabu, na chini ya kila moja anakopatikana. Katikati dogo alibandika alama ya mguu wa Tomi na kuandika: "Hii peke yake haitoshi kumjua ni nani." Sikumwambia aandike hivyo. Mwalimu alimsimamisha mbele, akamwuliza yule bweha amekuwaje mbwa mwitu, na dogo akaeleza mpaka kengele ikalia. Tisa ya kumi. Moja imekatwa kwa sababu picha ya wa dhahabu niliyoprinti, mwalimu kaikagua, ilipigwa India.

Kwa hiyo wadau, mwenye picha aliyoipiga mwenyewe ya bweha wa dhahabu wa Ndutu, Ngorongoro au Serengeti aitupie hapo chini kwenye maoni. Manila ipo bado ukutani na nafasi nimeacha. Na kama kuna sehemu nimechemsha, semeni, dogo anasoma.